Njuga inayolia kama kopo

Msomaji wa Mpwapwa ameniandikia: fundi wa mageti kamtengenezea njuga 20, zile kengele za kufunga miguuni, za kikundi chake cha ngoma, na zote zinalia kama kopo tupu. Anauliza kama atie gololi nzito zaidi, kile kipande kinachogonga ndani. Gololi haina kosa. Kosa ni bati.

Fundi huyo ametumia bati la kuezekea. Ni jembamba mno, mlio wake hufa papo hapo. Tena lina zinki, na ukilitia motoni moshi wake unaleta homa. Omba bamba jeusi la milimita 1.5, masalio yapo kwa kila mchomeleaji.

Kata umbo la yai, sentimita 12 kwa 8. Lipashe kwenye makaa mpaka liwe jekundu, kisha liache lipoe lenyewe. Hapa ndipo wengi wanaharakisha, halafu chuma kikipasuka kwenye mkunjo wanasingizia mkaa! Chonga kishimo kwenye gogo gumu, gonga nusu moja ya bamba mpaka ibonyee kama kijiko cha upawa, kisha nusu ya pili. Katikati acha ukanda bapa wa sentimita 2. Ukiona nyundo inaruka badala ya kuzama, chuma kimekaza, kirudishe motoni.

Kwenye ukanda toboa matundu mawili, pitisha waya wa milimita 3 uwe pete. Gololi ni kipande cha nondo ya milimita 10, urefu sentimita 1, pembe zimelainishwa kwa tupa. Kiweke ndani, pasha, kunja kwenye ukanda mpaka nusu mbili zitazamane. Midomo iachane milimita 5 hivi: ikigusana mlio unakabwa, ikizidi kuachana nondo inachomoka uwanjani. Usichomelee kingo wala usipake rangi. Njuga za rangi ni za kupigia picha.

Wagogo huziita nguga, na mchezaji hucheza kwa kisigino, kwa hiyo ufungaji nao una kazi. Mkanda uwe wa ngozi ya ng'ombe, upana sentimita 4, na kila njuga ining'inie kwenye pete yake bila kubanwa. Ukiikaza kwenye ngozi inakuwa bubu hata kama imefuliwa vizuri. Chini ya mkanda zungusha kitambaa mara mbili, maana kifundo cha mguu kikichubuka mchezaji anaanza kukanyaga kwa woga, na wenzake wanaposhuka kisigino kwa pamoja, yeye anachelewa.