Daftari la butura

Mmeuliza wiki hii: "Ni lini uliridhika kweli moyoni, na imani yako ilihusika vipi?" Mimi ni Mlutheri wa Kagera, nimefanya biashara ya kahawa miaka 14. Siku ninayotaka kuisimulia haitaeleweka bila kueleza butura kwanza.

Butura ni kununua kahawa ingali mtini. Mkulima ana mgonjwa, au mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Unampa fedha kidogo mibuni ikiwa na maua tu, na ikiiva, mavuno ni yako. Imepigwa marufuku, lakini hufanyika kimyakimya, kwa neno la mdomo na daftari. Langu lilikaa chini ya godoro. Lilinipa pikipiki, nyumba nzuri na heshima kanisani, maana zaka nilitoa bila kukosa. Kila msimu nilijiambia nikipata gari nitatulia. Gari nikalipata. Usingizi ulikuwa uleule wa kushtukashtuka.

Bibi mzaa mama alikuwa mlokole wa zamani, yaani Mkristo wa uamsho. Vijana wengi siku hizi wanalijua jina tu. Mwaka 1929, Simeoni Nsibambi wa Buganda na daktari Mwingereza, Joe Church, walikutana Namirembe, Kampala, wote wawili wakiwa na kiu ya kujazwa Roho Mtakatifu, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ukawaka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na kwetu Bukoba. Walokole walisema "kutembea nuruni": usimfiche Mungu kitu, wala usiwafiche ndugu zako. Waliungama mbele za watu na kurudisha walichoiba. Bibi aliniambia hivyo nikiwa mtoto, nami nikaona ni mambo ya wazee.

Miaka 3 iliyopita, kwenye ibada ya jumuiya nyumbani kwa jirani, tulisoma habari za Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri wa kwenye Biblia aliyeahidi kuwarudishia watu aliowadhulumu. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi. Jioni ile nilisikia mpangilio wake: Yesu alimwita kwa jina akiwa bado juu ya mkuyu, hajarudisha hata senti. Alipendwa kwanza, ndipo mkono wake ukafunguka. Mimi nilikuwa nikitoa zaka ili Mungu asilitazame daftari, na kumbe alikuwa amelisoma lote na bado ananiita nishuke. Nililia, na sioni aibu kulisema.

Daftari lilikuwa na kaya 7. Nilipiga hesabu kwa bei ya msimu wa kila mmoja, nikauza gari. Mke wangu aliuliza tutakula nini, na alikuwa na haki ya kuuliza. Mwaka ule tulibana sana. Kaya moja ilikuwa imeshahama, na mpaka leo sijawapata. Hilo bado linaniuma, wala sitaki kulifunika kwa maneno ya ushuhuda.

Wa mwisho alikuwa mzee ambaye mkewe aliugua mwaka niliochukua kahawa yake. Alikwisha kumzika. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kahawa haijaiva bado."

Nilimwambia sikufuata kahawa. Nikapiga magoti, nikaeleza yote, nikaweka fedha mkekani. Hakuzigusa. Alikaa kimya muda mrefu, nami sikuwa na cha kuongeza. Kisha aliingia ndani, akarudi na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, zile tunazompa mgeni, akanishikisha chache mkononi.

"Kaa," akasema. "Mama yako angependa kukuona."

Nilikaa mpaka giza likaingia, tukitafuna. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na usiku ule nililala mpaka jogoo.