Bogenvilia Haitoi Rangi? Funga Bomba

Msomaji mmoja wa Nkuhungu, Dodoma, amenitumia picha ya bogenvilia yake. Imepanda mpaka juu ya ukuta, majani tele, rangi ya kutafuta kwa tochi. Anauliza aongeze mbolea gani. Asiongeze kitu. Afunge bomba.

Hapa Dodoma mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na Aprili huwa zinakata. Miezi yote inayobaki ni ukame, nasi tunapambana nao kwa mpira wa maji kila jioni. Bogenvilia haitaki hivyo. Ukiichungulia kwa karibu utaona ua lenyewe ni kile kidude cheupe chembamba cha katikati. Rangi unayoisifia ni ya vijani vinavyolizunguka. Vijani hivyo hutoka kwa wingi mmea ukipigwa na jua na kuonjeshwa kiu. Ukiumwagia kila siku, halafu ukautupia mbolea ya urea juu yake, nguvu zote zinaishia kwenye majani.

Mvua zikishakata, pogoa. Punguza matawi marefu kwa theluthi moja ukitumia mkasi mkali, na uvae glavu maana miiba yake haina huruma. Kisha usiumwagie. Kipimo ni majani ya nchani: mchana wa jua kali yatalegea tu, hilo lisikutishe, yakiwa yamelegea hata asubuhi, upe mmea ndoo moja ya lita 20, taratibu, shinani. Subiri udongo ukauke tena. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, hivyo kila awamu ikipukutika kata ncha.

Adhabu hiyo ni kwa mmea uliokwisha kushika, wa mwaka mmoja na zaidi. Mche mchanga unyime maji uone utakavyokauka. Na kama umeupanda chini ya mwarobaini, usinilaumu: unahitaji jua la moja kwa moja kwa muda wa saa sita kila siku, pungufu ya hapo ni majani tu. Wakati wa kupanda, chana mfuko wa mche kwa wembe pembeni. Ukivuta shina, mizizi hukatika na mche unadumaa.

Ukitaka miti, mjakaranda hutoa zambarau kuanzia Septemba hivi, na mkrismasi hupokea kwa wekundu Novemba na Desemba. Ukiwa na yote miwili unavuka kipindi kibaya kabisa cha vumbi ukiwa na kitu cha kutazama. Mkrismasi upande mbali na nyumba na shimo la choo, mita nane hadi kumi. Mizizi yake hutambaa juu juu na kupasua kuta. Panda mvua zikianza, weka matandazo, ila yaache kiganja kimoja kutoka kwenye shina, la sivyo umewaandalia mchwa chakula.

Zinia ni rahisi: mbegu ardhini mvua za kwanza, kina cha nusu sentimita, na baada ya miezi miwili hivi una maua. Mwagia chini, si juu ya majani, yasije yakashika ukungu.

Halafu toka nje ya geti, jamani. Watu wanaona Dodoma ni kahawia tu kwa sababu wanaipita kwa basi. Mbuyu huchanua karibu na mvua: ua jeupe, kubwa, linaning'inia kwa kikonyo kirefu. Hufunguka jioni jua likizama, popo hulihudumia usiku, kesho yake linaanguka likiwa limekuwa kahawia. Anayekwenda saa nne asubuhi anaokota mabaki.

Mashamba ya alizeti ya upande wa Singida hupendeza mwishoni mwa mvua. Vichwa vilivyokomaa havizunguki tena na jua. Hubaki vikitazama mashariki. Nenda asubuhi, simama upande wa mashariki wa shamba, vyote vitakuelekea vikiwa na mwanga usoni. Jioni utapiga picha za visogo. Na umwombe mwenye shamba kabla hujaingia kati ya mistari, kwa sababu shina likivunjika halisimami tena.