Sahani Yako ni Chapa ya Kwanza au ya Juzi?

SWALI: Assalaam aleykum. Ami yangu alikuwa baharia na ameacha sanduku la sahani ndogo za santuri, kama 80 hivi, nyingi za soul, ule muziki wa Wamarekani weusi: Stax, Motown, Tamla Motown na lebo (kampuni za santuri) nyingine nisizozijua. Amekuja mnunuzi, akazipekua kwa dakika tano, akasema zote ni chapa za baadaye na atazichukua kwa bei moja. Nitajuaje kama asemalo ni kweli? (Msomaji, Mlandege)

JIBU: Waaleykum salaam. Usiuze sanduku zima kabla hujatazama sahani mojamoja. Dakika tano hazitoshi hata kwa mjuzi, maana ushahidi mkubwa hauko kwenye lebo, ile karatasi ya katikati.

Washa tochi ya simu, uilaze pembeni ili mwanga upite juu ya sahani kwa mshazari, kisha tazama lile duara tupu baina ya mwisho wa wimbo na lebo. Utaona namba na alama. Lebo ni karatasi tu, mwenye matbaa yeyote anaweza kuichapa upya. Maandishi ya kwenye duara yamo ndani ya kalibu iliyoibana sahani, na anayetaka kuyaiga hana budi kutengeneza kalibu nyingine. Waghushi wengi wa miaka ya 1970, khasa Uingereza ambako soko la soul adimu lilikuwa limepamba moto, waliiga lebo vizuri sana, kisha kwenye duara wakakwaruza namba kwa mkono na kuziacha hivyo hivyo.

Kwenye sahani za Marekani tafuta alama zilizogongwa kwa muhuri. Herufi ARP ni za kiwanda cha Owosso, Michigan, kilichowachapia Motown sahani nyingi na kikaungua mwaka 1972. Kipembetatu chenye namba pembeni yake, ambacho chenyewe huandikwa kwa mkono, ni cha kiwanda cha Monarch cha Los Angeles. Maneno "Bell Sound" ni ya studio ya New York iliyokuwa ikikata sahani mama za kutengenezea kalibu, na "Nashville Matrix" hukutana nayo mara nyingi kwenye soul ya kusini. Hapa lakini tuelewane: namba ya kuandikwa kwa mkono peke yake si dalili ya kughushi, kwani sahani nyingi halisi zimeandikwa hivyo. Wasiwasi huja pale nakala halisi ya wimbo huohuo inapojulikana kuwa na muhuri, na yako haina. Kwa hiyo andika namba zote kwenye daftari, herufi kwa herufi pamoja na vistari, ndipo uzilinganishe na picha zilizowekwa Discogs, tovuti ya orodha za santuri. Tofauti ya kistari kimoja inaweza kumaanisha chapa nyingine.

Sasa zigawe kwa tundu la kati. Tundu kubwa, la milimita 38, kwa kawaida ni la Marekani. Tundu dogo lenye kitovu kinachoweza kung'olewa ni la Uingereza. Kila fungu lina dalili zake.

Za Uingereza za Tamla Motown, lebo iliyoanza Machi 1965, zisome pembezoni. Sahani ya 1966 inatakiwa iwe na maneno "Sold in U.K. subject to resale price conditions". Ukikuta "EMI Records" kwenye wimbo wa 1966, hiyo ni chapa ya 1973 au baada yake, kwani kabla ya hapo kampuni ilijiandika "The Gramophone Co." Ni chapa halali, ila si ya kwanza.

Za Marekani tazama anwani kwenye lebo. Anwani yenye namba ya posta ya tarakimu tano haiwezi kuwa ya kabla ya 1963, mwaka ambao mfumo huo ulianza. Kukosekana kwake hakuthibitishi chochote, maana baadhi ya lebo ziliendelea na karatasi za zamani. Stax ya 1967, kwa mfano "Soul Man" ya Sam & Dave, namba 231, ina lebo ya buluu isiyokoza yenye mrundo wa sahani. Stax ilipoachana na msambazaji wake, kampuni ya Atlantic, mwaka 1968, nyimbo za nyuma zilibaki Atlantic, na lebo mpya ya Stax ikawa ya njano yenye mkono unaoalika vidole. Ukiikuta "Soul Man" kwenye lebo ya Atlantic yenye maneno "Oldies Series" na namba inayoanza na OS, umekuta chapa ya baadaye.

Mwisho, gonga ukingo wa sahani taratibu kwa ukucha. Sahani hutengenezwa kwa plastiki za namna mbili: vinaili hutoa sauti nzito iliyofifia, stairini hulia kali kama kigae. Monarch walichapa sahani ndogo zao kwa stairini, kwa hiyo kipembetatu juu ya vinaili laini kinatakiwa kikusimamishe. Na hizo za stairini usizirudishe nyuma kwa mkono zikiwa chini ya sindano kama wafanyavyo madijei. Huchimbika upesi, na mchakacho unaoanza hapo hauondoki kwa kuosha.

SWALI: Muuzaji wa Dar es Salaam ananiuzia albamu ya Aretha Franklin, "I Never Loved a Man the Way I Love You", anasema ni ya 1967 kabisa, ya stereo. Jalada ni jipya, sahani ni nzito. Mnashaurije? (Msomaji, Kikwajuni)

JIBU: Uzito ndio unaotutia shaka. Sahani za gramu 180 ni fahari ya chapa za miaka hii. Geuza jalada: likiwa na mistari ya kusomwa na mashine dukani, mjadala umekwisha, kwani mistari hiyo ilianza kuonekana kwenye majalada mwishoni mwa miaka ya 1970. Chapa ya kwanza ya Marekani ya stereo ina namba SD 8139 na lebo ya kijani na buluu. Lebo nyekundu na kijani ilifuata baadaye, na ikiwa na anwani "75 Rockefeller Plaza" ujue umefika katikati ya miaka ya 1970. Alama ya herufi P ndani ya duara nayo haikuwa ikitumika kwenye sahani za Marekani za wakati ule.

Jalada litazame kwa lenzi ya fundi saa. Kwenye picha ya asili vitone vya wino vimejipanga safi. Jalada lililopigwa picha kutoka jalada jingine lina vitone juu ya vitone, na herufi ndogo za nyuma zimevimba kidogo. Kama sauti ni nzuri na bei ni ya sahani mpya, nunua usikilize kwa raha zako. Chapa ya pili haina aibu, aibu ni kuiuza kwa bei ya kwanza.

SWALI: Nimetumiwa picha ya sahani ya Frank Wilson, "Do I Love You (Indeed I Do)". Nasikia ni ghali mno. Bei niliyotajiwa ni ndogo. Nibahatishe? (Msomaji, Chake Chake)

JIBU: Usibahatishe. Ile ya 1965 ilikuwa ya lebo ya Soul, tawi la Motown, namba 35019. Haikupata kuuzwa madukani, na nakala zinazojulikana zinahesabika kwa vidole. Moja iliuzwa mwaka 2009 kwa zaidi ya pauni 25,000. Namba ikiwa TMG 1170, unayo chapa ya Uingereza ya 1979, ambayo ni halali na mtu wa kawaida anaimudu. Jina la mwimbaji likiwa Eddie Foster, hiyo ni ya magendo, walibadili jina kuficha asili ya wimbo. Na ikiwa na lebo ya Soul, omba picha ya duara tupu, pande zote mbili, ikipigwa kwa mshazari. Muuzaji anayekupa picha ya lebo tu, mara tatu unamwomba, achana naye.

SWALI: Sahani zangu za soul zimeandikwa kuwa zimetengenezwa Kenya. Je, ni za kughushi? (Msomaji, Michenzani)

JIBU: La. Nairobi kulikuwa na kiwanda, na makampuni makubwa yalichapisha huko kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki. Ni chapa halali ya kanda yetu, ila si ile ya nchi wimbo ulikotoka. Zilichapwa chache, na wako wanaozitafuta kwa sababu hiyohiyo. Usizitupe.

SWALI: Nyumba yetu ni ya mawe, na kila masika sahani zinaota ukungu. Nina soul za vinaili na za taarabu za zamani, nzito, zinazovunjika. Nizioshe na nini? (Msomaji, Wete)

JIBU: Zitenge kwanza, tena katika vyumba viwili ukiweza. Hizo nzito zinazovunjika ni za shelaki, za mizunguko 78 kwa dakika, kama zile za kampuni ya HMV alizorekodi Siti binti Saad Bombay kuanzia 1928. Spiriti huyeyusha shelaki. Tone moja tu, na uso wake unafifia papo hapo, haurudi tena. Za shelaki tumia maji yaliyotoneshwa (yaliyosafishwa kwa kuvukizwa) pamoja na matone mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na manukato, ufute na kukausha mara moja bila kuziloweka.

Kwa vinaili, lita moja ya dawa ni mililita 750 za maji yaliyotoneshwa, 250 za spiriti ya isopropili na matone matatu ya sabuni hiyo. Maji hayo huuzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri, lakini soma chupa: mengine ni tindikali, na chupa zinafanana. Maji ya kisima yaache, yakikauka huacha chokaa kwenye mifereji. Stairini ipe maji na sabuni tu.

Vaa barakoa, fanyia kazi nje kivulini. Futa ukungu mkavu kwanza kwa brashi laini, kisha tia dawa, iache dakika moja, sugua kwa kufuata mifereji na si kwa kuikata, usiguse lebo. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa, simamisha kwenye kichanja cha vyombo nusu saa. Jua usilitumie, sahani itapinda.

Wengi huharibu kazi hapa: wanairudisha sahani safi kwenye mfuko uleule wa karatasi. Ukungu umo ndani ya karatasi hiyo. Tia mfuko mpya, na usiwe ule wa plastiki laini unaonuka, kwani kwenye joto huacha utando mweupe juu ya sahani. Zisimamishe wima, zisiguse sakafu, umbali wa shubiri moja kutoka ukutani, maana ukuta wa mawe hutoa unyevu hata mvua ikiwa imekatika. Zikague tena wiki mbili baada ya masika kuanza, ukianza na zile za mwisho kabisa karibu na ukuta.