Ulizeni idadi ya abiria kabla ya kulipa: maswali yenu kuhusu mashua za Amalfi

Barua za wiki hizi mbili karibu zote ni za jambo moja: safari ya siku moja kwa mashua kwenye pwani ya Amalfi, kusini mwa Italia. Wengi mmeandika mkiwa mmeshalipa. Ndiyo maana naanza na swali lililopaswa kutangulia malipo.

Nimeuziwa safari ya "kundi dogo" kutoka Sorrento. Kundi dogo ni watu wangapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kaka, hilo ndilo swali lenyewe, ila aliyekuuzia ndiye wa kuulizwa, tena kabla hujatoa pesa. Maneno "kundi dogo" hayana kipimo. Kuna wanaoyatumia kwa mashua ya watu sita, na kuna wanaoyatumia kwa boti ya watu hamsini, kwa kuwa tu feri hubeba mamia. Mimi mwenyewe niliwahi kununua tiketi ya kundi dogo kwa wakala mmoja, nikajikuta nimekaa safu ya saba nyuma ya kipaza sauti. Siku nzima niliona migongo ya watu kuliko majabali.

Kipimo cha kushika kipo kwenye sheria ya Italia: chombo cha starehe kinachokodishwa pamoja na nahodha wake hakiruhusiwi kuchukua abiria zaidi ya 12. Ukiambiwa 12 au pungufu, hilo ni kundi dogo. Ukiambiwa 25, hiyo ni boti ya abiria, hata wakiipamba kwa maneno gani.

Nalisisitiza hili kila mara kwa sababu ya umbo la pwani yenyewe. Milima ya Lattari inapanda zaidi ya mita 1,400 na miguu yake inatumbukia moja kwa moja baharini. Ukiwa mbali unaona ukuta wa mawe na nyumba zilizobandikwa juu yake, basi. Uzuri umejificha mle ndani: mapango, fukwe za kokoto zisizo na njia ya gari, na hori nyembamba ya Furore ambako barabara inapita juu ya daraja lenye kimo cha mita 30 hivi kutoka majini. Gozzo, ile mashua ya jadi ya Sorrento yenye tumbo pana na iliyochongoka mbele na nyuma, husogea hadi unasikia maji yakigonga mwamba. Chombo kikubwa hupita mbali, msemaji akakuonyesha kwa kidole. Na mkisimama kuogelea, watu kumi hupanda ngazi na kurudi chomboni kwa dakika chache. Hesabu mwenyewe hamsini watachukua muda gani.

Kwa hiyo mwandikie leo, naye akujibu kwa maandishi: abiria wasiozidi wangapi, chombo cha aina gani, kivuli kipo, choo kipo (gozzo nyingine hazina), na bahari ikichafuka pesa inarudi au mnapangiwa siku nyingine. Akikwepa swali la kwanza, mengine usiyaulize. Dai pesa yako.

Twende mwezi gani? (Wasomaji wengi, kila wiki)

Nimeshalijibu hili na jibu halijabadilika. Mwishoni mwa Mei, Juni, au Septemba. Septemba maji bado yameshika joto la kiangazi. Agosti muiache, kwani Waitalia wenyewe wako likizo, na tarehe 15, Ferragosto, ni sikukuu ya nchi nzima. Wa Desemba msiniandikie tena: mashua nyingi na feri za pwani hupumzika majira ya baridi.

Tunalala Roma. Tunataka Pompeii, Capri, Positano na Amalfi kwa siku moja. Wakala amesema inawezekana. (Mume na mke, Nairobi)

Msifanye. Mtalipia siku ya kukaa kwenye viti.

Fungueni ramani kwanza. Sorrento haipo kwenye pwani ya Amalfi. Ipo upande wa kaskazini wa rasi, ikitazama Ghuba ya Napoli na mlima Vesuvius. Pwani ya Amalfi ni upande wa kusini, ikitazama Ghuba ya Salerno. Mashua inayotoka Sorrento kwenda Positano lazima izunguke ncha ya Punta Campanella, mahali pepo na mikondo inapokutana, na hapo ndipo wageni wengi huanza kulevywa na bahari. Capri nayo ni kisiwa, kiko peke yake mbele ya ncha hiyo. Hizo ni safari mbili tofauti, na anayeziunganisha kwa siku moja anawapunguzia zote mbili.

Ningekuwa ninyi ningeiacha Sorrento kabisa. Pandeni treni Roma hadi Salerno. Kutoka stesheni mnatembea kwa miguu hadi gatini, na feri ya kwenda Amalfi ni kama dakika 35. Salerno haitajwi na mawakala wa kwetu, na sioni sababu, kwa sababu ni mji wa watu wanaoishi na kufanya kazi, malazi yake hayana bei ya Positano, na ukitokea huko unaipata pwani kwa mpangilio wake: Vietri sul Mare na kuba la kanisa lililofunikwa vigae vya rangi, Cetara ya wavuvi wa jodari na wa dagaa wanaoitwa alici, kisha Maiori, Minori, Atrani, ndipo Amalfi. Laleni usiku mbili, siku moja muitoe kwa mashua. Roma haihami.

Na msikodi gari. Barabara ya pwani, SS163, ni nyembamba, mabasi hukwama yakipishana, na siku za msongamano magari huruhusiwa kwa zamu kulingana na namba ya mwisho ya kibao. Pwani hii ilikuwa ya mashua karne nyingi kabla ya barabara hiyo kuchongwa katika karne ya 19, na kwa mashua ndivyo bado inavyoonekana vizuri.

Kufika Capri kunahitaji visa nyingine? (Msomaji, Bujumbura)

Hapana, Capri ni Italia na visa ya Schengen inatosha. Mnachosahau ni bima ya safari isiyopungua euro 30,000.

Kila mtu anasema Grotta Azzurra ni lazima. Ni kweli? (Dada wa Arusha)

Dada yangu, si lazima, na nitakueleza ili uamue mwenyewe.

Ni pango lililoko kaskazini-magharibi mwa Capri. Mlango wake kutoka usawa wa maji una kimo cha kama mita moja tu. Mashua yako haiingii. Unahamia kwenye kidau cha makasia pamoja na watu wawili watatu, unalala chali, mwenye makasia anashika mnyororo uliofungwa ukutani na kuwavuta ndani wimbi linaposhuka. Mle ndani mwanga wa jua unapenya kwa tundu lililo chini ya maji, maji yote yanang'aa buluu kama yamewashiwa taa kutoka chini. Ni uzuri wa kweli, sikatai. Lakini utakaa dakika chache, na siku ya watu wengi foleni ya mashua hupita saa nzima juani, mawimbi yakiwatikisa. Ada yake mara nyingi haimo kwenye bei ya safari. Na bahari ikiinuka kidogo tu pango linafungwa, hata jua likiwa linawaka. Anayekuahidi kwamba utaingia bila shaka anakudanganya, kwa sababu mwenye kauli ni bahari.

Ushauri wangu: foleni ikiwa fupi, ingia. Ikiwa ndefu, mwambieni nahodha aendelee hadi Faraglioni, majabali matatu ya kusini-mashariki ya kisiwa. La katikati lina tundu, na mashua ndogo hupita humo. Na kama safari yako ni ya upande wa Amalfi, kuna Grotta dello Smeraldo huko Conca dei Marini, pango la maji ya kijani lililogunduliwa na mvuvi mwaka 1932. Halina jina kubwa kama lile la Capri, na foleni yake kwa kawaida ni fupi.

Sijui kuogelea na nina mtoto wa miaka sita. Nibaki nchi kavu? (Mama, Kigali)

Nenda, mama, ila kwa masharti. Uliza mapema kama wana jaketi la kuokolea la kipimo cha mtoto, si la mtu mzima lililokazwa kamba. Mvalishe tangu gatini na asilivue. Mwambie nahodha waziwazi kwamba huogelei. Hiyo si aibu, na nahodha mzuri anataka kujua. Fahamu pia kwamba mashua zinaposimama watu waoge, chini hakuna mchanga wa kukanyaga. Jabali linashuka wima, na hatua mbili kutoka ukutani maji yameshakuzidi kimo. Wala mtu yeyote, hata mwogeleaji hodari, asikaribie ngazi ya nyuma injini ikiwa inanguruma. Rafadha haisikii mtu akipiga kelele.

Kama bahari hukulevya, meza dawa kabla ya kupanda, kaa upande wa tezi, na macho yawe mbali, si kwenye simu.

Sisi vijana wanne tumekulia baharini. Tumesikia Italia unakodi boti bila leseni. (Mombasa)

Mmesikia kweli: injini isiyozidi nguvu farasi 40, ukiwa na miaka 18, bila kwenda mbali na pwani. Mimi nasema msikodi pale.

Mnaijua bahari ya Mombasa, mlango wake, miamba yake na saa zake. Ile hamuijui. Feri za kasi zinapita siku nzima na mkia wa mawimbi yake unarudishwa na ukuta wa jabali, mnapigwa pande mbili. Pana miamba ya chini ya maji, pana waogeleaji kila hori, na tangu mwaka 1997 eneo la Punta Campanella ni hifadhi ya bahari yenye sehemu zisizoingilika. Ghuba ya Ieranto, kwa mfano, imefungwa kwa vyombo vya injini. Faini ni yenu, na ubavu wa boti ukikwaruzwa amana ni yao. Wanne mkichanga na wengine wanne mnapata mashua nzima na nahodha aliyezaliwa hapo. Mkae naye, mumuulize kuhusu pepo. Mtajifunza mengi kuliko mkishika usukani wenyewe.

Huko maji yanapwa na kujaa vipi? (Mzee wa Lamu)

Shikamoo, mzee wangu. Mediterania ni kama ziwa kubwa lenye mlango mwembamba wa Gibraltar, hivyo maji hupanda na kushuka kiasi cha shubiri moja na ushei. Hakuna bamvua la kusubiri wala chombo kuachwa mchangani. Wanachokitazama wao ni upepo. Scirocco wa kusini-mashariki na libeccio wa kusini-magharibi huipiga Amalfi usoni. Maestrale wa kaskazini-magharibi huipiga Sorrento na ule mlango wa Grotta Azzurra, huku Amalfi ikitulia kwa kukingwa na milima. Ndiyo sababu nahodha anayebadili njia asubuhi si wa kulaumiwa, na anayeshikilia ratiba upepo ukiwa umegeuka mimi sipandi naye.

Sisi ni Waislamu. Chakula na vinywaji vya mashuani vikoje? (Familia, Muscat)

Mashua nyingi hugawa prosecco (mvinyo wa mapovu) na limoncello (pombe ya malimau) ndani ya bei. Semeni mapema mletewe maji, juisi na matunda. Angalieni pia keki iitwayo delizia al limone, ambayo mara nyingi hutiwa limoncello ingawa kwa macho ni krimu ya malimau tu. Spaghetti alla Nerano ni ya zukini na jibini, haina nyama, ila jibini yake ya asili, provolone del Monaco, hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la mwana-mbuzi. Anayechunguza hilo aulize. Samaki hawana shida.

Mkishuka Amalfi ingieni Chiostro del Paradiso kando ya kanisa kuu. Ni ua wa karne ya 13 wenye matao yaliyopishana kwa mtindo wa Kiarabu. Amalfi ilikuwa dola ya mabaharia iliyofanya biashara na Misri, na sarafu yake ya dhahabu, tarì, iliigwa kutoka kwa Waarabu. Watoto wenu waambieni hayo, kwani waongozaji wengi hawayataji.

Mama yangu ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. (Binti, Tanga)

Mashuani atastarehe. Tatizo ni miji. Positano ni ngazi kutoka ufukweni hadi juu kabisa, kwa hiyo hapo asishuke, aitazame kutoka majini, na ndiko inakopendeza zaidi. Amalfi ashuke. Gati iko karibu na uwanja wa mji na njia ni tambarare. Kanisa kuu lina ngazi 62, hizo mpandie wewe. Yeye mtafutie kiti kivulini pale chini na barafu ya malimau ya hapohapo, yale makubwa yenye ncha wanayoyaita sfusato, na usimharakishe.