Kwani kombe ni la Wakorea peke yao?

Mjomba wa Majengo ajibu barua za wasomaji

SWALI: Assalaam aleikum Mjomba. Mimi ni kijana wa Mtopanga, nina miaka 19. Mimi na kakangu tunaifuata League of Legends, ile gemu ya kompyuta ya timu kwa timu, tangu 2019. Novemba 2025 tulichanga pesa ya bando tukaangalia fainali ya dunia kutoka Chengdu, na timu zote mbili zilikuwa za Korea Kusini, T1 na KT Rolster. T1 wakashinda 3-2, kombe lao la tatu mfululizo. Kakangu alizima simu hata kombe halijanyanyuliwa, akasema ameachana na gemu hii kwa sababu mshindi hujulikana mapema. Mimi nampenda Faker, nyota wa T1, lakini nami nimechoka. Je, ni makosa kuwachoka washindi? Na kwa nini wawe wao tu?

JIBU: Wa aleikum salaam, mpwa wangu, na kakako mpe salamu zangu. Si makosa hata kidogo. Hesabu yenyewe inachosha. Kombe hilo lilianza 2011, na mpaka Chengdu limechezwa mara 15. Korea wamelichukua mara 10, China mara 3, Ulaya mara moja, Taiwan mara moja. Na hata hayo matatu ya China ukiyachunguza utawakuta Wakorea ndani: Invictus Gaming ya 2018 ilikuwa na Rookie na TheShy, FunPlus Phoenix ya 2019 ilikuwa na Doinb na GimGoon, EDward Gaming ya 2021 ilikuwa na Scout na Viper. Kakako ana haki ya kununa.

Ila kabla hamjawanunia sana, nikukumbushe la nyumbani. Mbio za wanaume za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Tangu Amos Biwott aliposhinda Mexico 1968 hadi Conseslus Kipruto aliposhinda Rio 2016, kila Olimpiki tuliyoshiriki dhahabu ilikuja Kenya. Athens 2004 tulibeba medali zote tatu, Kemboi, Brimin Kipruto na Koech, na pale barazani petu Majengo hakuna aliyesema mbio zimeharibika. Tulipiga kelele mpaka mama wa nyumba ya pili akatoka kuuliza nani kafa. Mwaka ule Soufiane El Bakkali alikuwa mtoto wa miaka 8 kule Morocco. Ndiye aliyekuja kutunyang'anya ile dhahabu Tokyo mwaka 2021, akairudia Paris 2024. Kwa hivyo hicho unachokihisi wewe leo, wenzetu walikihisi kwa ajili yetu kwa karibu miaka 50.

Sasa, kwa nini wao. Watu hunambia ni damu, ati Wakorea wamezaliwa na vidole vyepesi. Silikubali hilo, na nina sababu yangu, nitakueleza. Kwanza yao. Mgogoro wa fedha wa 1997 uliwaacha wengi kule bila kazi, na baadhi yao wakafungua vyumba vya kompyuta vya kulipia kwa saa, wenyewe huviita PC bang. Serikali nayo ilikuwa ikitandaza intaneti ya kasi nchi nzima. Mwaka 1998 ikatoka StarCraft, gemu ya vita ya kompyuta. Ghafla kila mtaa una mahali pa kuchezea kwa pesa kidogo, na mpinzani wako amekaa kiti cha pili, akikufunga unamwona akicheka. Mwaka 2000 wakaunda chama cha kusimamia mashindano ya gemu, KeSPA, na mwaka huohuo wakawa na chaneli ya televisheni ya gemu tupu. Mwaka 2004 fainali ya ligi ya StarCraft ilichezwa ufukweni Gwangalli, mjini Busan, na umati uliotajwa ni wa watu laki moja. Busan ni mji wa bandari kama huu wetu wa Mombasa. Hebu iweke picha hiyo pale ufukweni Mama Ngina: jukwaa limeipa bahari mgongo, vijana wawili wako kwenye kompyuta, na watu wamejaa mpaka barabarani.

Sababu yangu ni hii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa na kibanda cha gemu Majengo. Mabati, feni moja, televisheni tatu za matumbo, na PlayStation za kwanza zile za kijivu. Tekken 3, gemu ya kupigana, ilikuwa shilingi 10 mchezo. Wengi walimchukua Eddy Gordo wakabonyeza ovyo, mateke yakajitokea yenyewe. Lakini palikuwa na mvulana mmoja wa miaka 13 aliyemchukua Hwoarang, yule Mkorea wa taekwondo, na habonyezi ovyo. Alikuwa na daftari la hesabu, lile la miraba, na kila mpinzani ana ukurasa wake: huyu akianguka huamka na teke la chini, huyu akiogopa huruka nyuma mara mbili. Siku asiyokuwa na shilingi alisimama nyuma ya benchi, akiandika. Kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa na sugu ya manjano, ngumu kama gamba la kobe, nami nikimpa mafuta ya nazi ajipake. Miezi minne hakuna aliyemfunga, hata vijana wakubwa waliotoka Changamwe kumjaribu.

Siku moja babake alikuja na fimbo. Nami nikamwambia mtoto asirudi tena, nikiona nimemsaidia mzazi mwenzangu. Daftari lilibaki juu ya televisheni. Ninalo mpaka leo, na kila Korea inapobeba kombe huwa nalitoa kabatini nikalifunua. Mtoto yule angekuwa Busan angepata kocha, mshahara, na nyumba ya timu ambamo watu hufanya mazoezi saa kumi na zaidi kwa siku. Basi nikisikia habari za damu, wallahi roho huniuma.

Sisemi kwao ni peponi. Mwaka 2010 StarCraft yao ilichafuka kwa wachezaji kuuza mechi, na mikono ya vijana wale huumia kweli. Faker mwenyewe 2023 alikaa nje wiki kadhaa kwa maumivu ya mkono.

Mwambie kakako jambo moja zaidi. Wakorea wawili fainalini si kitu kimoja. Klabu zetu za mpira, Feisal na Mwenge, zilipokutana, wazee wetu hawakusema ni Mombasa watupu wakarudi kulala. Mtafutie ile fainali ya San Francisco, 2022. Upande huu Faker wa T1, upande ule Deft wa DRX, wote wawili walisoma shule moja ya sekondari Seoul, Mapo. Mmoja wakati huo ana makombe matatu, mwenziwe amecheza karibu miaka kumi hajaligusa. DRX walianzia hatua ya mchujo, wakapanda mpaka fainali, wakashinda 3-2. Huku kwetu ilikuwa usiku wa manane, nimekaa kitandani na simu ndani ya shuka nisiwaamshe watu, na machozi yalinitoka. Na huyo Faker unayempenda, mtazame Beijing 2017 baada ya kufungwa 3-0: ameinamia meza, analia, mabega yanatikisika. Kutoka 2016 hakulishika tena kombe mpaka 2023. Ukiyajua haya hutaona bendera moja tu pale jukwaani.

Na ukuta wenyewe hutoboka. Kwenye StarCraft II fainali kuu ya msimu ilikuwa ya Wakorea kila mwaka, mpaka 2018 alipokuja Serral, kijana wa Finland. Lakini mimi hasa humtaja Arslan Ash wa Lahore, Pakistani. Amelelewa na vibanda kama changu. Mwaka 2019 alihangaika na safari mpaka akafika Fukuoka, akashinda mashindano ya EVO ya Tekken 7. Miezi michache baadaye akaenda Las Vegas akashinda tena, na fainalini alimfunga Knee, Mkorea, ambaye wengi walimhesabu kuwa bora kuliko wote. Naye aliwaambia watu kwamba Pakistani wapo wengine wakali.

Ninyi mnaocheza League of Legends mna tatizo jingine. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua hapahapa Mombasa mwaka 2009, intaneti ya nchi inapita chini ya miguu yetu, lakini kijana wa Mtopanga mara nyingi inambidi acheze kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya gemu, iliyoko Ulaya. Unabonyeza, amri inakwenda Ulaya na kurudi, na mwenzako aliye jirani na seva ameshakupiga. Hilo si kosa lenu, wala si la Mkorea. Gemu ya kupigana uso kwa uso, padi mbili na televisheni moja, haina shida hiyo. Mkitaka kujipima, anzieni huko.

SWALI: Mjomba, mimi ni mama wa Likoni. Mwanangu ana miaka 15, kutwa yuko kwenye simu na PUBG, ananiambia atalipwa kama hao Wakorea. Naomba ushauri, niivunje hiyo simu?

JIBU: Dada yangu, usiivunje. Nimeshamfukuza mtoto mmoja, sitaki nishiriki kumfukuza wa pili.

Wanaolipwa ni wachache sana, mwambie hivyo bila kumficha. Lakini usimwambie kwamba Mkenya hawezi, kwa sababu si kweli. Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya Marekani mwaka 2018 kwa Tekken, na masomo yake ya sheria chuo kikuu hakuyaacha. Masharti ya shule na ya kulala wewe ndiye wa kuyaweka, na uyashike.

Kisha usiku mmoja baada ya kula, kaa naye. Mwambie akuonyeshe mechi aliyopoteza, si aliyoshinda, akueleze alikosea wapi na mpinzani alifanya nini. Akishindwa kueleza, anapitisha wakati tu, na hapo mpunguzie saa. Akianza kueleza asimalize, na ukaona chai imepoa hajaigusa, mnunulie daftari la miraba.