Maua ya njano kwenye mfereji wa mpunga

Mkuu, umeuliza kama yale maua ya njano mferejini huko Chekereni, Moshi, ni mmea mmoja, maana mengine yanaelea na mengine yamesimama. Kwa maelezo yako ni mimea tofauti ya jenasi moja (kundi la mimea yenye undugu wa karibu), Ludwigia. Rangi haitakusaidia. Hesabu petali, yaani vile vijani vya njano vya ua, tena uwahi asubuhi, kwa sababu hudondoka upesi.

Unaotambaa juu ya maji, wenye petali tano na stameni (vijiti vya katikati ya ua vinavyobeba chavua) kumi, ni Ludwigia stolonifera. Uvute taratibu uangalie vifundo vya shina: mara nyingi utakuta vimizizi vyeupe, vinene na laini kama sifongo, vimeelekea juu. Hivyo vimejaa hewa, na kwangu ndiyo alama nzuri kuliko zote.

Uliosimama wima kwenye tuta, wenye petali nne na stameni nane, usiupe jina kabla hujaona tunda. Tunda refu la mviringo lenye mistari minane ni L. octovalvis, fupi lenye kona nne kali ni L. erecta. Stameni zikiwa nne tu, na viua vidogo vimebanana kwenye makwapa ya majani, pale jani linapoungana na shina, hiyo ni L. abyssinica.

Kwa zote hizo, kile kinachoonekana kama kikonyo kinene chini ya ua ndicho tunda changa, na sepali, vile vijani vya kijani vinavyozunguka ua, hubaki juu yake petali zikishaanguka. Ukikosa hilo, ukaona stameni nyingi na petali zinazong'aa, huenda ni Ranunculus multifidus, mmea wa jenasi nyingine. Huo usiuponde kwa mikono mitupu, utomvu wake unawasha ngozi.

Piga picha ya tunda kwa karibu, ulete tuliangalie.