Muulize Mzee Sululu: Pete ya kitwitwi wa Nunge

*Shikamoo Mzee Sululu. Mimi ni kijana wa majaruba ya chumvi hapa Nunge, Bagamoyo. Alfajiri moja nilimkuta kitwitwi amenasa kwenye kipande cha wavu wa nailoni kilichotupwa tutani. Mguuni alikuwa na pete ya bati, imeandikwa MOSKWA na tarakimu ndogo ndogo. Mwenzangu mmoja akasema ndege huyo katumwa na mganga. Mwingine akasema ni mpelelezi, na pete ndiyo inayonasa sauti. Mimi nilimhurumia tu, nikaikata pete kwa koleo la fundi umeme, nikamwachia, akaruka vizuri. Pete ninayo, lakini mama hataki ilale ndani. Nilifanya vyema?*
*Mchumvi, Nunge*

Marahaba mwanangu. Kumnasua ulifanya vyema, na kumwachia ulifanya vyema zaidi, maana enzi za ujana wangu kitwitwi akinasa mwisho wake ulikuwa kikaangoni. Ulipoharibu ni kwenye koleo. Nakwambia wazi kwa sababu na mimi niliharibu hapo hapo, tena vibaya kuliko wewe. Nitafika huko.

Kwanza mama apumue. Pete ile haina betri, haina sauti, haina dawa. Ni kibati chepesi chenye jina la mji linakotunzwa daftari, na namba ambayo daftari hilo halikumpa ndege mwingine. Moskwa ni mji mkuu wa Urusi. Kuna mtu alimshika ndege wako, akamvisha ile pete, akaandika aina yake, umri, urefu wa bawa, uzito, tarehe na mahali. Baada ya hapo kazi yake imekwisha, anamngoja mtu wa pili. Ndege wadogo wengi mno huvishwa pete na wasionekane tena na jicho la mtu. Wewe ndiye mtu wa pili, umepatikana kwenye tuta la chumvi.

Hukunieleza mdomo wake. Kama ulikuwa umepinda kidogo kuelekea chini, miguu myeusi, na aliporuka ukaona weupe juu ya mkia, basi ninamfahamu. Huyo huzaa kaskazini mwa Siberia, pande za rasi ya Taimyr, ambako Juni jua halizami. Kule huvaa wekundu wa tofali. Kwetu hufika amekwisha kuvua, wa kijivu kama tope analolichokoa. Kutoka Taimyr hadi Nunge ni zaidi ya kilomita 9,000, na mwili wake ni gramu hamsini na kitu, uzito wa yai la kuku. Majani yanapoanza kupukutika kwao, yeye yuko njiani, na mawingu ya vuli yakijikusanya kwetu utamkuta amesimama na wenzake kwenye matuta yenu maji yakijaa, kwa kuwa tope lao la pwani limefunikwa.

Kule Siberia kuna panya wa nchi za baridi waitwao lemingi. Mwaka lemingi wakiwa wengi, mbweha hushiba hao na vifaranga wa kitwitwi hupona. Lemingi wakiadimika, mbweha hugeukia mayai na vifaranga, na vuli hiyo huku kusini watoto huwa haba katika kundi. Hilo lilijulikana kwa watu kukaa gizani, miaka na miaka, wakimshika mmoja mmoja na kutazama manyoya yake: huyu mzazi, huyu wa mwaka huu. Mimi huipenda habari hii kuliko zote. Njaa ya mbweha Urusi unaihesabia Bagamoyo.

Sasa la kwangu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, natega tanzi za mshipi kwenye tope nyuma ya mikoko. Nikanasa sululu, ndege mkubwa mwenye mdomo kama mundu, nyama ya kutosha nyumba nzima. Pete niliiona nikiwa nimeshamchinja. Nikaigonga kwa nyundo ikawa bapa, nikaitoboa, ikawa pambo la ufunguo wa baiskeli. Jasho na mchanga vikala maandishi. Siku nilipokuja kuelewa kile kibati ni nini, hapakuwa na herufi hata moja ya kusoma. Mahali fulani kuna daftari lenye mstari uliobaki wazi, na aliyeuacha wazi ni mimi. Wasomaji wengi hudhani jina hili la Mzee Sululu nilipewa kwa sifa.

Kwa hiyo, Mchumvi, usiinyooshe pete hiyo wala usiisugue kwa mchanga. Ioshe kwa maji na mswaki laini, tafuta kioo cha kukuzia, nakili kila herufi na kila tarakimu kama zilivyopangwa, kisha ipige picha kwa simu. Andika tarehe uliyomkuta, mahali, kwamba alikuwa mzima na kwamba pete uliitoa. Hilo la mwisho usilifiche: wakijua kwamba ndege yuko hai bila pete, hawatamsubiri bure. Taarifa unaweza kuituma kwa mpango wa uvishaji pete wa Afrika Mashariki ulioko Nairobi, au kupitia EURING, umoja wa madaftari ya Ulaya, ambao una ukurasa wa kupokelea namba kwenye intaneti. Na ukimpata mwingine, soma namba akiwa mkononi, umwachie na pete yake.

*Mzee, mimi ni mvuvi hapa hapa Bagamoyo. Nyavu ninazo, usiku nauzoea, na ndege wapo tele. Niagize pete wapi nianze kuvisha?*
*Nahodha asiye na jahazi*

Nahodha, nyavu zako ziache baharini. Wavu wa samaki humkaba ndege na kumvunja bawa. Wa kazi hii ni mwembamba mweusi, gizani huuoni hata ukiwa pua na pua nao, na umefungwa kamba zilizolazwa kutoka mti hadi mti kiasi kwamba ndege akiugonga anatumbukia kwenye mfuko wa wavu wenyewe na kutulia.

Niliwahi kuwabebea miti wageni waliokuja kuvisha ndege wa pwani. Usiku usio na mwezi, maji yamejaa, miti miwili imechomekwa matopeni na wavu katikati. Nilidhani kazi ni kukamata. Kumbe kazi ni kutoa. Kila baada ya dakika ishirini au thelathini lazima uzungukie nyavu, na kwanza utazame ndege aliingia upande gani, maana hutoka kule kule alikoingia. Kisha humshika mgongo ukiwa kiganjani, shingo imepita katikati ya kidole cha shahada na cha kati, bila kubana. Ukimbana kifua hapumui. Ndege hana uwezo wa kukwambia. Wiki nzima walinipa kushika mifuko ya kitambaa tu, ile wanamowekwa wakingoja zamu. Nilinung'unika, na sasa naona walinipa hata hiyo mapema.

Kitu kilichonishangaza ni mafuta. Unapuliza manyoya ya kifuani yanafunguka, na kwenye kibonde cha chini ya koo unaona manjano chini ya ngozi. Aliyefika Novemba kibonde kitupu. Wa Aprili, kusi likikaribia, kimejaa hadi kimetuna, kama begi la mtu aliyekwisha kata tiketi.

Pete haziuzwi dukani. Hutolewa na mpango wenye daftari, kwa mtu aliyefundishwa mkono kwa mkono mpaka mwalimu wake akaridhika. Hapa Tanzania utafiti wa wanyamapori unahitaji pia kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na cha TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Bila hivyo wewe ni mtega ndege tu, na askari wa wanyamapori hatakuuliza nia yako. Anza na darubini na daftari. Watu wanaojua kuhesabu ndege wa Nunge maji yakijaa hawatoshi.

*Mzee wetu, nafundisha darasa la tano. Wanafunzi wanauliza nani aligundua kwamba ndege husafiri. Tangu waanze kuuliza, wengine wamewafunga njiwa wa mtaani nyuzi za rangi miguuni ili wajue wanakokwenda.*
*Mwalimu wa Magomeni, Bagamoyo*

Mwalimu, Ulaya kuna waliosadiki kwamba mbayuwayu hulala matopeni chini ya ziwa wakati wa baridi. Mwaka 1822 alipatikana Ujerumani korongo aliyechomwa mkuki shingoni, mkuki wa Afrika, naye akafika nao hadi kwao. Bado wamemhifadhi Chuo Kikuu cha Rostock. Pete zilianzishwa na mwalimu mwenzako, Hans Christian Mortensen wa Viborg, Denmark. Mwaka 1890 alijaribu pete za zinki, zikawa nzito. Mwaka 1899 akarudi na za alumini, zenye jina la mji na namba, akawavisha kwezi 165.

Ndiyo maana nyuzi zinanitisha. Uzi hukaza, mguu huvimba, kidole hukatika. Pete ya kweli huzunguka mguuni bila kuubana. Wapeleke watoto na mkasi kesho asubuhi kabla ya mstari, njiwa wakiwa bado kwenye mabati.